Safu Nane za Mwisho

Wajukuu zangu wanapenda kunicheka, nami nawaacha wacheke, kwa sababu kweli mashine ile ilikuwa kichekesho. Nilikuwa mwendeshaji wa kompyuta Dar es Salaam, kwenye shirika moja la umma, kuanzia mwaka sabini na nne mpaka walipoiuza kama chuma chakavu mwaka themanini na sita. Msidhani ni kompyuta ya kuweka mezani. Ilijaza chumba kizima, kikubwa kama darasa. Ilijengewa sakafu juu ya sakafu ili nyaya zake zilale chini kwa heshima. Ilikuwa na viyoyozi vinne vyake peke yake, na mkurugenzi mkuu alikuwa na feni moja. Sisi tuliokaa nayo tulivaa masweta katika joto lile la Dar, watu wa mtaani wakadhani tuna malaria. Kuingia unavua viatu kama msikitini, na mjusi mmoja tu akipita chini ya ile sakafu, kazi inasimama siku nzima, mafundi wamelala kifudifudi wanamtafuta kwa tochi. Na kumbukumbu yake yote, wallahi, haitoshi kubeba picha moja ya Fathiya akiwa amebinua midomo.

Fathiya ni mjukuu wangu. Ana diploma ya kompyuta, na ananisaidia dukani hapa Lusahunga huku anasubiri ajira. Akisikia habari hizo anasema, "Babu, nyinyi hamkuwa na kompyuta. Mlikuwa na mgonjwa wa kulazwa."

Haya. Lakini kilichoniudhi mimi, tena tangu wakati ule, ni kadi. Programu ilikuwa haiandikwi kwenye kioo. Kila mstari mmoja ulitobolewa kwenye kadi moja ya karatasi ngumu, ndefu kidogo kuliko kiganja, yenye safu themanini za namba ndogo ndogo. Tundu likiwa kwenye saba, hiyo ni saba. Kona moja ya juu ilikatwa, ili mwendeshaji mwenye usingizi aone upesi kama kuna kadi imegeuka. Na safu nane za mwisho, ebo, mashine haikuzisoma kabisa! Ziliwekwa kwa ajili ya namba ya kadi tu: kumi, ishirini, thelathini, zikiruka kumi kumi ili ukisahau mstari upate pa kuuchomeka. Namba ya nini? Kwa sababu siku moja mtu ataangusha boksi na kadi zitachanganyika. Yaani mabwana wakubwa walikaa kubuni mashine ya mamilioni, wakakubaliana kabla hata sijazaliwa kwamba huyu Amri ataangusha tu, tumtengee sehemu ya kumi ya kila kadi. Nilikasirika. Nilifanya kazi miaka kumi na miwili kwa ukaidi na sikuangusha hata moja.

Mashine ilipouzwa nilirudi nyumbani na maboksi ya kadi kuukuu. Karatasi nzuri, ngumu, mgongoni tupu. Watu wa huku wote walizitumia, huyu kuandikia bei, yule kusawazishia mguu wa meza. Bunda moja, programu nzima ya kadi mia nne na kumi na mbili, nilimpa rafiki yangu Idefonsi, katekista wa Keza kule Ngara, aliyekuwa akileta maharage dukani tangu enzi ya baba. Aliniita Bwana Mitambo. Mimi nilimwita Padri Nusu. Nikamwambia, chukua, andika mahubiri mafupi kwa mara ya kwanza maishani mwako.

Hakuandika mahubiri. Aliandika maisha yake. Miaka karibu arobaini, kadi moja moja, kwa penseli, maneno yakikwepa matundu. Aliandika kwa Kiswahili, akanitania kwamba ni ili hata mimi nisome. Alipofariki mwaka jana aliacha neno moja: zisisomwe mpaka siku ya kuganduka. Kuganduka, kwa hawa wenzetu wenye asili ya Burundi, ndiyo siku ya kumaliza msiba, mwaka ukishapita. Ndugu wote wanakaa, marehemu anasemwa mara ya mwisho, na kilichosemwa siku hiyo ndicho kinachobaki. Kesho yake hafukuliwi tena kwa maneno.

Sasa Idefonsi alikuwa na jambo la kusemwa. Mwaka sabini na mbili alikimbia vurugu za kwao pamoja na kaka yake, Ntakirutimana, na mtoto mchanga wa huyo kaka. Walifika mto Ruvubu. Ng'ambo ya huku akaonekana Idefonsi na mtoto. Kaka hakuonekana tena. Idefonsi akamlea yule mtoto, Bukuru, ambaye leo ana miaka hamsini na tatu, ana shamba, ana pikipiki, ana wajukuu. Lakini mtoni kulitokea nini hakumwambia mtu, hata mkewe, Esperansia. Na mtu akinyamaza, wengine humsaidia kusema. Mzee Niyibizi, wa mlima mmoja na wao, yaani kijiji kimoja huko Burundi, amesema kwa miaka hamsini kwamba Idefonsi alimtupa nduguye akiwa hai.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, nipo kizingitini, nawaona Bukuru na huyo huyo Niyibizi wanakuja kwa pikipiki. Walikuwa wanaleta kadi zipigwe fotokopi kwenye steshenari iliyo jirani yangu, bila kusomwa, ili Jumamosi, siku ya kuganduka, kila ukoo uondoke na nakala. Bukuru alitaka kufunga boksi kwa mpira. Niyibizi akakataa, akasema kitu cha marehemu hakifungwi kama kuku, atakipakata mwenyewe. Kwenye tuta la hapa barabarani akaona lori la mtu anayemfahamu, akainua mkono kusalimia.

Mtume! Kadi zilisambaa mpaka chini ya malori yanayokwenda mpakani Rusumo. Upepo ukazichukua mpaka kwa wauza mahindi ya kuchoma. Madereva wakashuka, mama ntilie wakaacha masufuria, kila mtu anaokota. Mimi nilisimama tu. Miaka hamsini namsubiri huyo mtu wa kuangusha, kumbe anakaa Keza.

Niyibizi aliokota kadi moja, akaisoma kimoyomoyo. Kisha akaisoma kwa sauti, barabara nzima ikasikia: "Nikamwacha. Nikavuka peke yangu, sikugeuka nyuma."

"Mnasikia? Kwa mkono wake mwenyewe!" akasema. Akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Mzee, irudishe," Bukuru akamwambia.

"Nitairudisha Jumamosi, mbele za watu." Akapanda gari lingine akaenda zake.

Bukuru alibaki ameshika boksi mbele ya duka langu. Ndani kulikuwa na kadi mia nne na kumi na moja, hazina tarehe, hazina namba, zimechanganyika kama mchele na pumba. Katazo la marehemu lilikuwa limekwisha kuvunjwa barabarani, basi tulikaa naye tukazipitia. Zile za mtoni tulizozitambua zilikuwa chache. Moja inasema: "Nikamkuta palepale kwenye mafunjo. Alicheka aliponiona. Tukagawana kiazi." Nyingine: "Mtoto nikamfunga mgongoni, nikavuka." Haya, sasa pangeni. Alivuka na mtoto kwanza, akarudi, akala kiazi cha nduguye, kisha akamwacha akavuka peke yake? Ndivyo Niyibizi atakavyosema. Au alikimbia peke yake kwanza, kisha akarudi, akachukua mtoto? Maneno yale yale, na ni watu wawili tofauti. Bukuru akaniachia boksi, akarudi Keza.

Esperansia akapiga simu. Alikwisha kuambiwa.

"Shikamoo shemeji," nikamtania kama siku zote, maana mimi ni mkubwa kwake.

Hakucheka. "Shemeji Amri, nimekaa na mtu miaka hamsini na moja. Jumamosi nataka kujua nilikaa na nani."

"Na kama si mazuri?"

"Nimekuambia nataka kujua. Sikukuambia nataka kufurahi."

Nikakata simu. Fathiya alikuwa amepiga picha kadi mbili tatu, anatazama kama mwandiko ulibadilika kadiri ya miaka. Akageuza moja upande wa matundu, akasema, "Babu, hivi panya waliingia humu?"

"Panya wako ndio..." nikaanza. Nikamnyang'anya. Nikatazama mwisho wa kadi, safu nane. Sifuri sifuri sifuri sifuri, mbili, saba, nne, sifuri. Elfu mbili mia saba na arobaini.

Idefonsi alikuwa mtu wa utaratibu mpaka kero. Mtu anayekula muhogo kuanzia kichwa mpaka mkia hawezi kuchomoa kadi katikati ya bunda. Alizitumia moja baada ya nyingine kama nilivyompa. Namba zilikuwepo muda wote, mgongoni pa maneno yake, na hakuna aliyezijua kwa sababu mtu wa mwisho mwenye akili ya kuzisoma alikuwa anauza sabuni Lusahunga.

"Leta mabeseni kumi," nikamwambia Fathiya.

"Nichape namba kwenye simu, tuzipange kwa sekunde?"

"Uzichape mia nne na kumi na moja kwa hicho kidole chenye rangi? Leta mabeseni!"

Tulifunga mlango mmoja wa duka. Tukayapanga mabeseni ya plastiki sakafuni, sifuri hadi tisa. Namba zote zinaishia na sifuri, kwa hiyo tukaanza na tarakimu ya pili kutoka mwisho. Kadi yenye nne, beseni la nne. Zikiisha unazikusanya kwa zamu, sifuri mpaka tisa, bila kuvuruga, unaanza tena na mamia. Kisha maelfu.

"Lakini Babu, unaanzaje na namba ndogo? Si zitavurugika ukija kwenye kubwa?"

"Fanya."

Wateja waliingia kutaka chumvi wakaambiwa wapite pembeni. Mama mmoja alikanyaga beseni la sita, nikamfokea mpaka akanunua mahali pengine. Mgongo uliniuma, magoti yakalia, lakini nilikuwa nimeshika shauri, na mimi nikishika shauri hata marehemu mama alikuwa ananiogopa. Alhamisi adhuhuri tulimaliza duru ya tatu, Fathiya akazikusanya, akazipitisha moja moja kwa kidole. Kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Akatazama juu, macho yamemtoka.

"Babu! Hii tulifundishwa chuoni mwaka wa pili! Ina jina lake kabisa!"

"Sisi tuliiita kazi."

Tukaigeuza kadi ya kwanza, namba kumi, kusoma mwanzo wa maisha ya Idefonsi. Imeandikwa: "Sasa macho yamechoka na kadi zimekwisha. Esperansia, usimuuze yule mbuzi." Tukatazamana. Tukachukua ya mwisho, elfu nne mia moja na ishirini: "Mimi Idefonsi nilizaliwa mlimani, mwaka wa njaa."

Nilicheka mpaka machozi. Padri Nusu! Alitaka kuandika upande mtupu, basi akaligeuza bunda zima kifudifudi mbele yake, na kadi ya chini ikawa ya juu. Alianza na namba kubwa akashuka. Ukisoma kwa kupanda, mtu amezeeka, ameoa, amezaliwa. Tukazigeuza, na maisha yakanyooka: shule, vurugu, mto, Keza, harusi, mbuzi.

Pengo lilikuwa moja tu. Elfu tatu mia tatu na kumi haipo. Hiyo ndiyo iliyokuwa mfukoni mwa Niyibizi, haiwezi kuwa nyingine. Nikaangalia iko upande gani wa kadi ya kiazi, na kicheko kikaniisha. Idefonsi hakumtupa kaka yake mwishoni kama Niyibizi alivyodai. Alimtupa mwanzoni. Alikimbia, akawaacha wote wawili kwenye mafunjo, kaka na mtoto mchanga. Huyo mtoto ndiye Bukuru anayeendesha pikipiki na kuniamkia kila wiki.

Fathiya naye aliona. Akasema polepole, "Babu, tukiziacha zilivyochanganyika, kila mtu aamini anachotaka?"

Sitadanganya, nilifikiri. Nilifikiri mpaka chai ikapoa. Idefonsi alikuwa rafiki yangu, na Bukuru alimwita baba. Lakini mtu amekaa miaka arobaini na penseli, anakwepa matundu, ili aseme jambo moja. Mimi ni nani nimzibe mdomo?

Jumamosi tulifika Keza saa tano. Watu walikuwa wamejaa uani, pombe ya ndizi inazunguka, mimi nimeletewa soda yangu. Esperansia amekaa kwenye mkeka, kitambaa cha msiba kichwani. Mimi ndiye niliyeombwa kusoma. Hata sijafungua boksi, Niyibizi akasimama.

"Huyu ni swahiba wa marehemu," akasema. "Alikaa na kadi siku tatu. Amezipanga anavyotaka yeye. Mimi ninayo ambayo hakuigusa." Akaitoa, akaisoma tena, na watu wakaguna.

"Mzee Niyibizi," nikasema, "ni kweli sijaigusa. Hata kuiona sijaiona upande wa pili. Hebu igeuze. Mwisho kabisa, mkono wa kulia, kuna safu nane zenye matundu. Kona iliyokatwa iwe juu kushoto. Soma namba ambapo pametobolewa."

"Sivai miwani ya uchawi."

"Vaa ya kawaida."

Watu wakacheka, akalazimika. Akavaa miwani. Nikasema kwa sauti, kabla hajafungua mdomo: "Sifuri mara nne. Kisha tatu, tatu, moja, sifuri."

Akasogeza kadi, akaiweka mbali, akairudisha. Uso wake ulibadilika. "Tatu," akasema. "Tatu. Moja. Sifuri."

Ua mzima ukaguna, safari hii kwa namna nyingine. Nikaeleza: namba hizi zilitobolewa Dar es Salaam na wasichana wasiomjua Idefonsi wala mto wenyewe, kwa ajili ya mtu atakayeangusha. Nikampa ile ya kiazi, asome mwenyewe.

"Elfu tatu, mia mbili na arobaini." Akafikiri, kisha akaruka. "Ni ndogo! Basi kiazi kilitangulia, kumwacha kukafuata! Si ndivyo nilivyosema?"

"Na hii?" Nikampa kadi ya kuzaliwa.

"Elfu nne mia moja na ishirini. Mimi Idefonsi nilizaliwa..."

"Kwa hesabu yako alizaliwa baada ya kuzikwa. Alizishika kifudifudi, mzee. Namba zinashuka. Kubwa ndiyo ya kwanza."

Akakaa chini, kadi yake bado mkononi. Nami nikasoma, kuanzia mlimani mpaka mtoni, bila kuruka. Nilipofika kwenye pengo nikamnyooshea mkono Niyibizi, akaisoma yeye, sauti imepungua: "Nikamwacha. Nikavuka peke yangu, sikugeuka nyuma." Nikaendelea. Kadi ya kukaa siku tatu bila kula. Kadi ya kusikia viboko wakiguna majini. Kadi iliyokuwa na maneno mawili tu, "Naogopa bado." Kisha kiazi. Kisha mtoto mgongoni. Na inayofuata, elfu tatu mia mbili na ishirini: "Yeye alikataa kuja. Alisema, miguu yangu imekufa, mtoto atatumia yako."

Esperansia alikuwa analia waziwazi. Lakini watu wote walimtazama Bukuru. Alikuwa amesimama karibu na pikipiki yake.

"Kumbe aliniacha," akasema.

Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Mzee Amri. Kutoka hiyo ya mzee Niyibizi mpaka ile ya kiazi, katikati kuna kadi ngapi?"

Nilijua bila kuhesabu. "Sita."

"Na tangu aliponifunga mgongoni mpaka mwisho?"

"Mia tatu ishirini na tatu."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Basi aliogopa kadi sita," akasema. "Zote zilizobaki amenilea."

Esperansia akainua mikono yake miwili, akafungua kitambaa cha msiba kichwani, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani. Halafu akamgeukia Niyibizi.

"Shemeji, rudisha kadi yangu."

Niyibizi akainuka, akaja mbele, akapiga magoti kwenye boksi na miwani yake puani. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma mkono. Alitafuta mwenyewe, ananong'ona namba, mpaka akapata nafasi. Alikuwa ameishika kinyume. Akaitazama ile kona iliyokatwa, akaigeuza, akaichomeka mahali pake.